Bandeji Isiyo na Kidonda

Kila nikifungua bandeji mpya, ile harufu yake kavu ya pamba hunirudisha kwenye chumba chetu cha kwanza Gisenyi. Tulikuwa tumetoka Kanzenze wiki moja tu kabla, mama na sisi watoto wawili, ili asomee uuguzi. Hatukumjua mtu, na tangu asubuhi tulikuwa tumekunywa chai tupu. Kesho yake alikuwa na mtihani wa kufunga majeraha, basi akajizoeza kwa kutufunga bandeji: mimi kichwa, mdogo wangu mkono.

Jirani, muuza samaki, alichungulia mlangoni akashika mdomo.

"Pole, mama. Batoto baliumia hivi?"

Akarudi na ugali na sambaza za moto, wale samaki wadogo wa ziwani. "Bakule, bapate nguvu."

Mama alitaka kueleza, akaona tunavyoikodolea macho ile sahani.

"Aksanti, mama."

Jirani alipotoka nikaanza kuvuta bandeji.

"Acha kwanza. Kula," mama akasema bila kuniangalia.

Tulipomaliza alinifungua. Hapakuwa na kidonda, lakini vidole vyake vilipita kwenye paji langu polepole, kama anayeogopa kuniumiza.