Vipande Viwili Mbele ya Jikoni

Nimefanya kazi nyingi na kuziacha nyingi, lakini hakuna iliyonifundisha kudharau watu kama kazi ya sakafu za mbao. Mtu asiyejua tofauti kati ya mvule na mkaratusi atasimama juu ya sakafu, mikono mfukoni, akueleze tabia zake zote. Mbao huleta mchwa. Mbao ikiwa nyeusi imeoza. Mbao ngumu haikwaruziki, kwa hiyo wee buruta friji tu. Na kubwa kuliko yote: mbao husafishwa kwa ndoo ya maji ya moto na sabuni.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Nikashona viatu vya matairi Kariokor, nikapaka rangi nyumba za Makongeni, halafu nikamfuata mzee mmoja wa Ziwani aliyetengeneza sakafu, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini mbao iliyokatwa zamani bado huvimba mvua zikianza. Alinijibu: hunywa maji, kama wewe. Hilo ndilo la kujua. Nenda sasa ukawaeleze watu wanaopiga deki kila Jumamosi kana kwamba wanaosha gari.

Nyumba ninayoikumbuka iko Buruburu. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mjane, na presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu. Aliyeniita ni mwanawe, mwanamume mzima. Watu wa upande wa mchumba wake walikuwa waje Jumamosi kuona nyumbani, naye alitaka nitandike sebuleni ule mkeka wa plastiki uliochapishwa picha ya mbao. Chini ya viatu vyake kulikuwa na mbao ngumu za muhuhu, vipande vya urefu wa kiganja vilivyopangwa kama ukili. Alitaka kufunika mbao kwa picha ya mbao.

"Fundi, hii kitu imeisha," aliniambia. "Imekuwa nyeusi. Na kuna mahali inalia ukikanyaga. Wageni watasema nini?"

"Imeisha kwa nani?" mama yake akauliza kutoka kitini. "Ukitandika hilo nailoni lako nitashuka jikoni kwa pua."

Kutoka sebuleni kuingia jikoni kulikuwa na ngazi moja ya kushuka, na yeye hakuwa anaiona. Aliijua kwa miguu. Kwa dada yake, kwenye vigae, alikuwa ameshaanguka na kuvunjika mkono. Kwake hakuwa ameanguka hata mara moja.

"Mkeka ni laini, mathe," mwanawe akasema.

"Hata matope ni laini."

Nilipiga goti nikakwangua kwa kisu. Weusi haukuwa uozo. Ulikuwa polishi nyekundu, mafuta ya taa na maji ya sabuni, tabaka juu ya tabaka, ushauri wa majirani wote wa miaka yote. Chini yake mbao ilitoka na rangi ya asali, na ile harufu yake tamu ikajaa chumbani. Yule kijana wake akainama kunusa huku akijifanya anaangalia simu.

"Kumbe ni mahogani," akasema.

"Ni muhuhu."

"Si ni kitu kimoja?"

Nikaendelea kukwangua. Alikubali niisafishe, mradi niwe nimemaliza Ijumaa. Mama akaondoka kwenda kukaa kwa dada yake kwa sababu ya vumbi. Mlangoni akanishika mkono. "Fundi, vile vipande viwili vinavyolia mbele ya jikoni, viache vilie."

"Sawa, mama," nikasema, na moyoni nikamweka pamoja na wapiga deki. Sakafu inayolia ni sakafu mbovu. Fundi gani anaacha kipande kikicheza?

Nikasugua kwa mashine, nikapaka vanishi, nikasugua tena. Vile viwili nilivitoa kwanza, nikakwangua lami ya zamani, nikavibandika kwa gundi niliyoisifu mwenyewe kwa sauti, nikaviwekea jiwe hadi vikashika. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Ijumaa mchana mama alirudi. Alivua viatu mlangoni akaanza kutembea kuelekea jikoni, kwanza kwa hatua za mtu aliye kwake, kisha polepole, kisha akasimama. Vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeshapita ukingo wa ngazi. Mkono mmoja ulikuwa unatafuta ukuta.

"Nimefika wapi?" akauliza.

Mwanawe akamdaka kiwiko, akaniangalia.

"Si nilikwambia uviache?" mama akaniuliza.

"Uliniambia, mama."

"Ukasikia?"

"Nilisikia."

"Ila macho yakiharibika, mnafikiri akili pia imeharibika."

Nikachukua patasi. Gundi ilishika kama nilivyoisifu. Nilichimbua kazi yangu bora kipande kimoja kimoja, cha pili kikamegeka pembeni. Nikavirudisha bila gundi, vikae huru. Mama akavikanyaga. Tok. Tok.

"Hapo," akasema, akashuka jikoni kuchemsha chai.

Jumamosi nilirudi kuchukua mashine, na nikakawia makusudi kuwaona hao wageni waliokuwa wafunikiwe muhuhu. Shangazi wa msichana aliisugua sakafu kwa ncha ya kiatu.

"Mkeka mzuri huu. Mmenunua Gikomba?"

Kijana aliniona niko mlangoni. Akasema, "Ndiyo, shangazi."

Shangazi akakusanya vikombe, akaelekea jikoni akiendelea kuzungumza na watu walio nyuma yake. Tok. Mama, kitini pake, hakugeuza hata kichwa.

"Simama hapo," akamwambia. "Mbele yako kuna ngazi."