Nimepima sauti ya filamu ya zamani kwa kutumia ng'ombe wa babu, Mungaa

Wakuu, heshima mbele. Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu poleni na mihangaiko.

Najua humu ukisema kisa ni cha kweli watu wanavuta viti na kuagiza bisi. Haki yenu. Mimi mwenyewe nimesoma fizikia chuo kikuu na nyumbani wananiita Mwendesha Mashtaka, kwa kuuliza ushahidi hata wa uji kwamba umeiva. Kwa hiyo hiki ninachoandika nilikipinga mimi kabla yenu.

Twende.

Kijijini kwetu Mungaa, mkoa wa Singida, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ilikuja Landrova ya watu wa sinema. Walipiga filamu ya kuhamasisha wananchi wahamie pamoja, walime pamoja, wafuge pamoja.

Jina lake rasmi ni refu kama hotuba. Kwetu inaitwa Sinema ya Ng'ombe, kwa sababu kitu ambacho kila mtu anakikumbuka ni kile kipande cha ng'ombe wakimfuata kijana mmoja kwenda kunywa maji.

Babu yangu, Mzee Ntandu, amesema maisha yake yote kwamba yumo kwenye filamu hiyo.

Tatizo ni kwamba haonekani.

Gari la sinema lilipozunguka baadaye na kutandaza shuka lao jeupe uwanjani, kijiji kizima kiliona kwamba yule kijana ni mtu mwingine kabisa. Shati limepigwa pasi, meno yamepangwa, viatu anavyo. Babu enzi hizo alikuwa na kaptula moja, na hiyo moja ilikuwa na madirisha.

Maelezo ya babu ni haya. Kijana yule alikuja na Landrova. Mpiga picha alimpenda kwa ajili ya shati. Ng'ombe hawakumpenda. Akiinua fimbo wanasimama, akiwasogelea wanarudi nyuma. Ndipo babu akaambiwa ajifiche nyuma ya gari, apige mluzi wake wa kuwaitia maji, huku kijana anatembea mbele kama mwenye mali.

"Mimi nimo kwa mluzi," babu husema. "Sura yangu mmeitaka ninyi."

Sasa huo mluzi, ndani ya filamu hakuna aliyewahi kuusikia. Uwanjani jenereta lilinguruma kuliko filamu yenyewe. Nakala iliyokuja kuingia kwenye simu zetu, ambayo mtu aliirekodi kutoka kwenye mkanda uliochoka, inalia kama mahindi yanakaangwa ndani ya debe.

Basi Mzee Hamisi, jirani yake waliyeingia naye jando, humwita Staa. "Staa, umeamkaje?" "Staa, leo umesahau miwani ya jua?" Anamwita hivyo hata msibani.

Bibi ndiye aliyeumia zaidi, maana babu alimposa kwa kujisifia filamu hiyo. Bibi ni wa Ikungi. Gari la sinema lilipofika kwao alikaa mbele kabisa na dada zake ili wamwone mchumba. Mchumba hakutokea. Walimcheka mpaka siku ya harusi. Alishasamehe. Kusahau bado.

Na mimi nilikuwa upande wa Mzee Hamisi, tena kwa hoja ya kisomi. Filamu nyingi za namna ile zilipigwa bila sauti, kisha msimulizi na ngoma vikapachikwa studio. Hata kama babu alipiga mluzi, nani aliurekodi?

Mwezi uliopita rafiki yangu niliyesoma naye akanipigia. Yuko na kikundi kinachosafisha filamu za zamani.

"Mwanangu, tumepata mkanda halisi wa ile filamu ya kwenu. Nakutumia nakala ya majaribio, nipe maoni ya picha na sauti kabla hatujafunga kazi."

Kisha akaongeza kama mtu anayekumbuka kitu kidogo. "Kwenye kipande cha ng'ombe kuna kitu kinalia, kama mashine imekosa grisi. Hicho tunakitoa."

Kwenye kipande cha ng'ombe?

Nikamwambia asiguse kitu. Akasema, "Leta ushahidi. Bosi hataki hadithi za babu." Ni sentensi yangu hiyo, nilikuwa naitumia tukiwa chuo. Kanirudishia bila riba.

Nikapanda basi kwenda nyumbani, fleshi mfukoni.

Tuliangalia Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani. Runinga ya sola ya baba mdogo, sabufa yake, blanketi dirishani kupunguza mwanga. Mzee Hamisi alifika mapema kuliko watu wa nyumbani. Ng'ombe walikuwa nyuma ya nyumba, wanakula mabua ya mtama shambani kwetu maana mavuno yalishaisha.

Tuanze na picha, maana ndiyo kazi niliyotumwa.

Nyeusi na nyeupe, imetulia, haichezi tena kama mtu mwenye homa. Mikwaruzo imekwisha. Unaona nyuzi za kikapu, unaona mshono wa shati la yule kijana. Lakini nyuso za wazee zimelainishwa mno. Kuna mzee wa zamani wa kijiji ametokea hana hata kunyanzi moja, kama kapiga selfi na filta.

Kasoro kubwa aliiona bibi.

"Hawa ng'ombe mbona hawatimui vumbi? Singida hii?"

Nikarudisha nyuma. Kweli! Programu ilidhani vumbi la kwato ni uchafu wa mkanda, ikalifuta. Ng'ombe wanatembea kama malaika.

"Wameoshwa na sabuni ya unga," akasema Mzee Hamisi. "Staa, na wewe walikuosha ukafutika?"

Babu alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti.

Sauti. Ule mkaango wa mahindi haupo. Msimulizi anasikika mpaka anapovuta pumzi. Halafu msimulizi akanyamaza, zikabaki kwato, na nyuma ya kwato kikaja kitu chembamba. Kinapanda, kirefu, kisha kinakatika mara mbili na kushuka.

Nimekua na mluzi ule, ndio babu anaowaitia ng'ombe maji hadi leo. Utoto wangu wote umo ndani yake.

Kabla sijasema neno, blanketi la dirishani likasukumwa kwa nje. Kikaingia kichwa cha ng'ombe, yule mkubwa tunayemwita Mabaka, anatutazama kama tumemcheleweshea kitu. Nyuma yake kundi zima.

Bibi akapiga kelele ya kuokoa maua yake. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee Hamisi hakucheka. "Hizi ni saa zao za maji. Wamekuja kwa kiu. Na huyu mzee huenda kapiga mwenyewe kwa chinichini, mimi simwamini mdomo wake."

Wakuu, pingamizi lilikuwa halali. Nikapanga jaribio la asubuhi ya pili yake, ng'ombe wakiwa mbali na saa zao za maji.

Babu akaweka sharti moja. "Ukiwaita, unawanywesha. Huo mluzi sijawahi kuupiga bila maji kuwepo. Siku ile wenye sinema walipanda gari lao wakaondoka, mimi nikabaki nachota peke yangu mpaka ng'ombe wa kijiji kizima wakatosheka. Ng'ombe hadanganywi."

Nikakubali. Asubuhi Mzee Hamisi akaja na kiazi kitamu kilichochemshwa, akakisokomeza chote kwenye mdomo wa babu. "Hapo sawa. Hakuna binadamu anayepiga mluzi na kiazi."

Nikaweka simu irekodi runinga, babu na shamba kwa pamoja.

Kwanza nakala ya zamani, sabufa mpaka mwisho. Ng'ombe wakaendelea kula mabua.

Kisha nikapiga mluzi mimi mwenyewe, nikijitahidi kuuiga. Mmoja akainua mkia, akanya.

Kisha nakala iliyosafishwa.

Vichwa viliinuka vyote. Mabaka akatoka mbele, wengine wakamfuata kwa mstari, moja kwa moja hadi kwenye beseni la maji. Vumbi lilitimka, la kweli hili, likaingia mpaka sebuleni.

Babu alikuwa anatoa machozi. Anadai ni kiazi.

Nikamtumia rafiki yangu ile video. Jibu lilirudi nikiwa bado kisimani nachota, viganja vimeshachubuka: "Bosi kacheka hadi kamwaga chai. Mluzi unabaki. Vumbi tunalirudisha." Akanieleza pia kwamba kipande kile kilirekodiwa na sauti ya palepale, ndiyo maana hata kwato zinasikika. Hoja yangu ya kisomi ikafia hapo, kando ya ndoo.

Najua mtasema sampuli ni kundi moja tu, na mluzi wangu ni mbovu. Nakubali. Mwenye ng'ombe na sabufa arudie jaribio.

Nilipoingia ndani, bibi alikuwa ameshika rimoti. "Cheza tena."

Nikacheza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia babu.

"Kumbe siku ile Ikungi ulikuwepo."

"Nilikuwepo," babu akasema. "Jenereta lilinimeza."

Bibi akaniambia nimpigie simu dada yake, yule mmoja aliyebaki, yuko Kiomboi. Akaisogeza simu mpaka kwenye sabufa. "Sikiliza, wewe uliyenicheka. Mchumba wangu huyo!"

Ikabidi nikachote maji tena, maana dirisha lilikuwa wazi.

Nilichojifunza: mimi ni mtu wa kudai ushahidi na sitaacha. Ila miaka yote nilikuwa nautafuta kwenye picha, wakati mzee alisema wazi kwamba yumo kwenye sauti. Na ninyi mnaosafisha kazi za zamani, kabla hamjafuta kelele, waulizeni kwanza watu wa pale ilipopigwa.

Nawaachia uwanja. Toeni maoni, pingeni, ila leo nina swali pia.

Mzee Hamisi sasa haji tena kumtania babu. Anakuja kuangalia filamu. Jana alisimamisha picha kwenye kipande kilekile, akaweka kidole pembeni kabisa ya kioo, penye kivuli cha mtu chini ya miguu ya ng'ombe wa mwisho.

"Kijana wa chuo," akasema, "kivuli hiki ni changu. Pima."

Wakuu, kivuli nakipimaje?