Muuza samaki wa Nyalenda ajifunza kupanda punda ili awahi mjukuu Lesotho

Saa nne asubuhi, samaki wa kwanza wameshaiva, na Rehma Hassan anawaacha wachujike mafuta. Anafuta mikono kwenye leso, anakunja buibui, kisha anapanda punda.

Hapandi vizuri. Punda mwenyewe, ambaye kazi yake hapa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, ni kubeba mitungi ya maji, anageuza shingo kumtazama.

"Yawa, Mama Zuleha, hiyo punda itakuangusha!" anapiga kelele jirani yake Jentrix, aliyefuata samaki akapata sinema.

"Wacha iniangushe hapa, si kule," anajibu Rehma, mwenye umri wa miaka 54, ameng'ang'ania manyoya kwa mikono miwili.

Kule ni Lesotho, ufalme mdogo wa milima kusini mwa Afrika. Bintiye Zuleha anatarajia kujifungua mtoto wa pili huko mwezi ujao, Julai 1997. Mumewe Zuleha, Mwalimu Obeid, anafundisha hesabu katika shule iliyo juu milimani, mahali ambapo basi linakata tamaa na farasi anapokea kazi.

Rehma amekaanga samaki kwa miaka 22. Kila alfajiri hununua samaki aina ya ngege wapatao sitini ufukweni Dunga, na biashara ikiwa nzuri, kufikia jioni inabaki harufu tu.

Alikwenda Lesotho mara ya kwanza Julai 1992, Zuleha akiwa na mimba ya kwanza. Baridi ilimpokea uwanja wa ndege, ikamsindikiza mpaka ndani ya basi. Barabarani akaona wanaume wazima, mchana kweupe, wamejifunika mablanketi.

"Hapa Kisumu, mtu akitembea na blanketi mchana, hiyo ni malaria," anasema. "Nikasema maskini, nchi nzima inaumwa. Nikaanza kuwapa pole."

Waliopewa pole waliitikia kwa adabu. Kule blanketi ndiyo suti.

Barabara ilipoishia, alimkuta mzee aliyetumwa na Obeid, ana farasi wawili. Mzee akavua kofia, akainama, akatamka kwa heshima zote: "Mme."

Rehma alidhani amesikia vibaya. Mzee akamwonyesha farasi, akarudia: "Mme."

"Mimi, mme? Nimezaa watoto sita!" anasema, na mpaka leo sauti inampanda. "Nikamwambia, mme ni wewe. Farasi yako panda mwenyewe."

Akatembea. Saa tano za mlima, viatu vya wazi miguuni, mzee nyuma yake akiongoza farasi wawili watupu na kumwita mme kila penye utelezi.

Alipofika, mtoto alikuwa na umri wa saa mbili, amefungwa blanketi, amelala. Zuleha ndiye aliyemfumbua macho: kwa Kisotho, neno linalosikika hivyo maana yake ni mama. Mzee alikuwa akimwita mama njia nzima.

"Nililia," Rehma anasema. "Nimetoka Kisumu yote hiyo nimshike mtoto wangu mkono, nikashindwa na neno moja."

Alimwomba mzee radhi kwa furushi la omena, dagaa wa kwao. Mzee alinusa, akashukuru sana, kisha omena wote akampa paka wake.

Wiki iliyofuata Obeid alimpeleka Thaba-Bosiu, mlima ambao Mfalme Moshoeshoe aliufanya ngome yake mwaka 1824. Akamsimulia kwamba wakati watu wa mfalme wakihamia huko, babu wa mfalme alikamatwa njiani na walaji wa watu, wakamla. Mfalme alipowapata aliwasamehe. Alisema wao sasa ni kaburi la babu yake, na kaburi halivunjiwi heshima.

"Mtu amekuliwa babu, akasamehe," Rehma anatikisa kichwa. "Mimi nimeitwa mama, nikanuna masaa tano."

Mwenye punda, Wanyonyi, anasema mwanafunzi wake anaendelea vizuri. Wiki jana alianguka mara nne, wiki hii mara moja.

"Shida yake ni moja, anaongelesha punda sana," anasema. "Punda inachoka."

Rehma ataondoka tarehe tatu Julai, na Jentrix ataangalia jiko. Daktari amesema mtoto ni wa katikati ya mwezi, lakini Rehma hamwamini daktari wala mtoto.

"Yule wa kwanza nilimkuta ameshalia, amenyamaza," anasema, akiteleza taratibu kutoka mgongoni mwa punda mpaka chini. "Huyu nataka nimsikie mwenyewe akianza."