Mkwe Alipoingia Darasani

Likizo ya Juni mama alinishusha hadi darasa la nne, mimi msichana wa kidato cha tatu ninayejua kuwajibu walimu vibaya kwa lugha mbili. Kila jioni alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya jiko pamoja na kuku, akasimama mbele yetu na chungwa mkononi.

"Hili ni zima," anasema, kisha analikata. "Sasa ni nini?"

"Sasa umeliharibu."

"Mtoto wewe, nitakuharibu na wewe."

Kuku walikuwa na adabu kuliko mimi, nakubali. Lakini nilikuwa namchekesha makusudi, maana alikuwa amelibana chungwa hadi linachuruzika.

Mama alikuwa mwalimu wa kujitolea hapa Makwale. Cheti cha ualimu anacho, ajira anaisubiri tangu mimi sijui kusoma. Mwaka huu mwalimu mkuu aliwaambia wanaojitolea kwamba hawezi tena kukaa nao wote. Atabaki na mmoja, yule atakayeonekana bora kwenye mafunzo ya kufundisha Kiingereza na hesabu. Wengine warudi nyumbani. Na nyumbani kwetu maana yake ni kwa babu, baba yake baba, kwenye kakao yake: kuvunja, kuvundika, kuanika, kugeuza juani mpaka mgongo usahau kunyooka. Baba mwenyewe yuko Tunduma, anatutumia salamu.

Mkufunzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mgeni kabisa huku, aliyeshuka kutoka Mbeya na sweta akalivua kabla hajafika kwenye kivuli. Aliwafundisha walimu kwamba mtoto asikaririshwe, ashike vitu kwa mikono yake. Akikosea Kiingereza asichekwe. Nilikuwa nachungulia dirishani: watu wazima wenye vitambi wanaimba namba kwa Kiingereza huku wanaruka kama vyura wa mpungani. Mama aliruka kuliko wote. Sikucheka, na mimi kutocheka ni tukio.

Siku ya mwisho kila mwalimu alitakiwa kufundisha darasa la kweli, mkufunzi amekaa nyuma anajaza fomu. Ilikuwa likizo, tena msimu wa kuvuna mpunga, watoto waliopatikana hawakutosha, kwa hiyo nikaingizwa na mimi kujaza dawati, magoti yakigusa kidevu.

Mama alianza vizuri. Chungwa zima, nusu, robo. Kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Mtoto mmoja akala robo yake. Mama badala ya kumkaripia akauliza darasa, "Imebaki ngapi?" Watoto wakajibu kwa Kiingereza, kila mmoja na jibu lake, na mkufunzi akatabasamu akiwa anaandika. Nikasema moyoni, hapa kakao imetukosa.

Ndipo kamati ya shule ikaingia, na mbele kabisa alikuwa babu.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Mama akimwona babu njiani huingia migombani mpaka apite. Wakiwa na neno, linapitia kwangu. Kuna walioacha, mjini Mbugani watu wanakula meza moja na wakwe zao. Babu yangu hajawahi kuacha kitu. Hata jino lake lililong'oka analo kwenye kopo.

Mama alidondosha kisu. Alivuta kanga hadi usoni, akageukia ukuta, akateleza na ukuta huo hadi mlango wa nyuma na kutoka. Babu naye akageuka haraka apate kutoka, lakini wanakamati wenzake walikuwa wamejaa mlangoni nyuma yake, kila mmoja anataka kuona. Akabaki amebandika uso kwenye ubao kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nikasimama. Mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu, na ruhusa hiyo nimeitumia hadi imechakaa. "Mume wangu, toka nje. Unatuharibia."

"Natokaje, mke wangu? Wamenishindilia."

Watoto waliangua kicheko. Mimi nilikuwa nawasukuma wazee wa watu kwa viwiko. Babu alipotoka nilikimbia nyuma ya vyoo. Mama alikuwa amechuchumaa.

"Ameniona?"

"Ameona ubao. Twende, mama. Twende sasa hivi."

Tuliporudi, mwalimu mwingine alikuwa ameshaanza somo lake. Mkufunzi alitufuata barazani akasema kwa upole, "Mwalimu, darasa haliachwi. Ulipatwa na nini?"

Mama akavuta kanga usoni tena. Babu alikuwa amesimama hapo pembeni ya jengo, ametupa mgongo, anasikia kila kitu, na mkwe hasemwi akiwa anasikia. Nilimwangalia mama nikimwomba kwa macho aseme. Akatazama vidole vya miguu yake. Basi nikaeleza mimi, yote, bila utani hata kidogo. Mkufunzi alinisikiliza hadi mwisho, na hapo ndipo nilipokata tamaa, maana mtu anayekusikiliza vizuri namna ile huna tena cha kumwongezea.

"Nimekuelewa, binti," alisema. "Lakini mimi najaza nilichokiona."

Kesho yake mwalimu mkuu alimchagua mwingine. Mama alirudisha chaki shuleni, hata vile vipande. Nilimwambia angalau vipande avibakize. Akavihesabu, akavifunga kwenye karatasi. Siku nzima hakucheka, hata nilipoiga Kiingereza cha mwalimu mkuu, na kile humchekesha akiwa na homa.

Jioni babu alikuja. Akakaa nje ya jiko, ameegemeza mgongo ukutani. Mama alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo wa mabanzi, ambao hata kuku akikohoa unasikia. Mimi nilikaa mlangoni, kazini kwangu.

"Mwambie mama yako," babu alisema, "nilijua zamu ni yake. Nilitaka kusikia anavyofundisha. Nilidhani nitasimama nje, chini ya dirisha. Wenzangu wakanisukuma ndani."

"Mama, babu anasema alijua zamu ni yako. Alitaka kukusikia. Walimsukuma."

Nilisikia akiuweka mwiko chini taratibu.

"Mwambie ndaga, asante kwa kuja," mama alisema. Sauti ilikuwa imekatika katikati, akaianza upya. "Mwambie hana kosa. Kesho asubuhi nitaanza kugeuza kakao."

Nikamgeukia babu. "Anasema una kosa. Anasema kazi yake ilikuwa ile, hakuwa na nyingine, na umeikanyaga kwa miguu yako."

Nilingoja mwiko unipate kisogoni. Haukuja. Mama hakusema kwamba nimedanganya.

Babu, mwenye masikio mazima, alivua kofia akaiweka gotini.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Nikageuka nikamwambia.