Mate ya Cucu kwa Tiger

Juzi shangazi alipomtemea mtoto wangu mate kidogo kifuani, nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka Tiger.

Tiger alikuwa mbwa wa makao ya mbwa kule Ruiru, alikofanya kazi mama yangu nilipokuwa mdogo. Kila aliyemchukua alimrudisha, kwa sababu Tiger hakukubali mtu atoke nje ya geti. Alimzunguka na kumng'ata visigino mpaka arudi ndani.

Alasiri moja tulimpeleka Gatuanyaga kwa bibi mzee ambaye kila mtu alimwita Cucu. Palinuka vumbi na mbuzi. Kabla hatujasalimiana vizuri, mbuzi wake walipenya ua wakaingia kwenye mahindi ya jirani, na Tiger akachomoka mkononi mwa mama.

Nilifumba macho. Nilisikia kengele za mbuzi zikienda mbali, kisha zikirudi. Nilipofumbua, mbuzi wote walikuwa zizini na Tiger amesimama mlangoni, ulimi nje.

Cucu alimwendea polepole, akainama, akamtemea mate kichwani.

Nikaanza kulia. "Mama, turudi naye. Amemtemea mate."

Cucu akanitazama. "Kwani huko kwenu Membley watoto hawabarikiwi?"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuelewa kitu. Sikujua kwamba mzee humtemea mate hivyo aliye wake ili kumbariki.

Tulipoaga, nilikaza visigino nikimsubiri Tiger. Hata hakugeuka. Alikuwa kazini.