Kaunta za Jogoo wa Bluu

Esta Mligo alipostaafu ukunga, majirani zake wa Likombe, Mtwara, walitegemea afuge kuku. Wastaafu wengi ndivyo wafanyavyo: banda nyuma ya nyumba, mayai ya kuuza, basi. Yeye akapanda ndege.

Chanzo kilikuwa mwanawe Dickson, fundi katika shirika moja la ndege la ng'ambo. Kazi ile ina neema yake. Wazazi wa mfanyakazi hupata tiketi za kusubiri: kiti kikibaki kitupu unapanda, ndege ikijaa unarudi kukaa na begi lako. Neema ilikuwa ya wawili, lakini mumewe, Josephu, aliikataa katakata. Yeye alikuwa ameendesha winchi bandarini tangu ujana, akinyanyua makontena kama mtu anayeepua sufuria, na alisema kila kitu kizito alichowahi kukiona hewani kilikuwa kimeshikiliwa na kamba. Ndege je, inashikiliwa na nini? Esta akafunga begi peke yake.

Kusafiri peke yako kuna ladha yake, ila kula peke yako kuna kero. Mtu mmoja akiingia mgahawani hupewa kimeza cha karibu na choo, na kila apitaye humtazama kwa huruma. Esta aligundua mapema kwamba kwenye kaunta hakuna anayekuuliza mko wangapi. Unapanda kile kiti kirefu, unaning'iniza miguu, na mhudumu yuko mbele yako, umwone anavyofanya kazi. Akachagua pia mgahawa mmoja tu, ule wenye jogoo wa bluu mlangoni, kwa kuwa una matawi kila mahali na menyu yake ni ile ile yenye picha. Lugha ikikushinda, unaonyesha kwa kidole. Kila safari aliagiza kitu kile kile, soda ya ndimu na mabawa ya kuku, na kwa sababu soda ilikuwa moja na kuku walikuwa wamoja, kilichobaki cha kulinganisha ni watu.

Alianzia Dar es Salaam, siku aliyokuwa anasubiri ndege ya kwanza ya kwenda nje. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Mahali pale palimetameta mno. Akaona Kiswahili kitamwaibisha. Akaagiza kwa Kiingereza alichokuwa amekipanga tangu yuko angani. Msichana wa kaunta akamjibu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu, akaweka glasi bila kuinua uso, akaenda zake kufuta upande wa pili ambao tayari ulikuwa mkavu. Esta akamrekodia mumewe ujumbe wa sauti: Dar inashika mkia, hata kabla hajaona kwingine.

Istanbul ndiyo iliyomtia wazimu wa furaha. Kijana wa kaunta, mwenye masharubu kama mswaki, alimwekea kibakuli cha karanga za kwao kabla hajafungua mdomo. Esta hakutaka kushindwa ukarimu na mtoto. Akatoa kwenye mkoba mfuko wa korosho za Mtwara zilizokaangwa nyumbani, akazimimina mbele yake. Kijana akala moja, akafumba macho, akamwita mpishi. Mpishi akaja na aproni yake, naye akala. Mzee aliyekaa kiti cha tatu akanyoosha mkono bila kuombwa. Hawakuelewana hata neno, lakini mfuko uliisha, na Esta akaondoka na kifurushi cha karanga kwapani. Ujumbe aliomtumia Josephu aliuzungumza mbiombio hata mumewe ikabidi ausikilize upya. Alikuwa Shangani, ufukweni mwa Mtwara, wakati huo, kwenye matembezi yake ya jioni na wenzake wa bandarini, na toka siku hiyo wenzake wakawa hawaulizi tena habari za mpira. Wakikutana tu: mama yuko kaunta gani leo?

Kuala Lumpur iliwapa jambo la kubishania. Huko kaunta ilikuwa na kioo cha kugusa, na nyuma yake ukuta wenye kidirisha. Esta akagusa picha ya soda, akagusa picha ya kuku, kioo kikamshukuru. Kidirisha kikafunguka, mkono ukaweka glasi, ukapotea.

"Soda tamu kuliko zote," alimwambia Josephu kwenye simu. "Lakini sikuhudumiwa na mtu, baba Diki. Nimehudumiwa na mkono."

Hata hivyo aliipa Kuala Lumpur nafasi ya juu ya Dar, kwa maana mkono ule angalau haukumnunia. Hapo ndipo Josephu alipokasirika. Aliweza kuvumilia kushindwa na Waturuki, kwa kuwa walikuwa wametoa karanga. Kushindwa na ukuta hapana. Esta aliporudi nyumbani alimkuta ameshaamua: lazima aende Dar mwenyewe akahakiki, na kwa ndege, kwa sababu kwa basi hasira zingepoa njiani.

Dickson aliposikia kuwa baba yake anapanda ndege alidhani anataniwa. Ndege ilipokimbia uwanjani Mtwara, Josephu aliushika mkono wa mkewe kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Ilipoinuka na bahari ikaonekana chini, akauachia, akaomba wabadilishane viti, na mpaka wanatua hakukiacha kile cha dirishani.

Msichana wa kaunta alikuwa yule yule. Kibandiko kifuani kilisema Nasra. Josephu alikwea kiti kirefu kwa tabu, akatulia, kisha akasema kama yuko kibarazani kwake, "Habari za kazi, mama?"

Nasra aliinua uso. Uso wote ulibadilika.

"Shikamoo baba. Kazi nzuri."

"Marahaba. Mimi na mama yako tumetoka Mtwara. Tupe unachokunywa wewe mwenyewe ukichoka."

Nasra akacheka, akawaletea ukwaju wenye tangawizi ambao haumo kwenye menyu, akauliza habari za safari, akamsogezea Josephu kibao cha kuwekea miguu. Kisha akamkazia macho Esta.

"Mama, si wewe uliwahi kuja hapa peke yako? Ulikuwa na suti."

Esta akakiri.

"Ulinitisha. Nilidhani ni mgeni wa Ghana. Kiingereza changu kifupi, nikasema nikikaa karibu kitaniishia, bora nikafute kaunta."

Esta alicheka mpaka akaomba tishu. Muda wote ule alikuwa akimhukumu msichana aliyekuwa akimkimbia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anatisha. Josephu alikunywa ukwaju wake taratibu, kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. Esta hata hakuona uchungu wa kushindwa. Kichwa kilimchemka: kama salamu moja imeigeuza Dar, basi hesabu zote zirudiwe upya, na kuanzia sasa asalimie kwanza. Safari ya Lisbon siku hiyo ilikuwa imebakiwa na kiti kimoja tu. Josephu akamwambia aende. Yeye atarudi Mtwara peke yake, na kiti cha dirishani asinyang'anywe na mtu.

Jumamosi mchana kaunta ya Lisbon ilikuwa vurugu tupu. Mechi ilikuwa imekwisha, watu wamejazana wakipunga mikono, na nyuma ya kaunta alikuwa kijana mmoja, Americo, jasho linamtiririka, glasi zinamponyoka. Esta alitaka kumsalimu kwa lugha yake. Kireno alikuwa nacho, ila cha aina moja. Alikiokota zahanati ya Kitaya, kwa akina mama waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kujifungulia kwake, na hakikuwa na salamu ndani.

Akajiinua kwenye kiti, akatumia alichokuwa nacho, kwa sauti ile ya wodini. "Força, meu filho. Respira. Está quase." Kaza moyo, mwanangu. Vuta pumzi. Imekaribia.

Kaunta nzima ikalipuka kwa kicheko. Americo alisimama, akaweka chini glasi zote mbili, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipunga mkono akaushusha, akawaambia wenzake wapange foleni. Jamaa mwingine akaanza kukusanya glasi tupu. Kila Americo alipomaliza kumhudumia mtu, watu walimtazama Esta, na Esta, bila kuombwa, akasema tena imekaribia.

Alimpigia Josephu simu pale pale, akiziba sikio la pili kwa kiganja. Mzee alikuwa amefika Likombe salama na alitaka kujua jambo moja tu: Lisbon imeshika nafasi ya ngapi?

"Sijui," alisema Esta, huku akicheka na kupisha sinia la vinywaji lipite juu ya kichwa chake. "Bado sijaagiza."