Kijani Kwenye Beji ya Mkunga

Mtaani walimwita Baba Ngozi, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala la jina jingine. Alishona viatu na mikanda katika chumba chenye dirisha la barabarani, na juu ya cherehani alitundika kile alichokipenda kuliko kazi yenyewe: vipande virefu vya ngozi vilivyochomekwa beji. Beji za makondakta, za wazima moto, medali za mbio ambazo wakimbiaji walishasahau walikuwa wanakimbilia wapi. Wateja ndio waliomletea. "Mpelekee Baba Ngozi," waliambiana, "kwake haitapotea."

Kweli hazikupotea. Zililiwa.

Ilianza kama ukungu wa kijani, kisha ikawa kijani hasa, kizito, cha kunata kama nta. Fundi akafuta, kikarudi. Akasugua kwa limau, kikarudi. Akasugua kwa majivu, kikarudi, na kila kiliporudi kilikuta herufi zimepungua, maana kisugulio hakichagui kati ya kutu na shaba. Akafunga dirisha akidhani ni unyevu. Akalifungua akidhani ni joto. Akashuku jasho la vidole vyake, akawa anazishika beji kwa koleo. Siku moja alimshuku hata paka wa jirani.

Nyingine angezivumilia. Moja hakuweza. Marehemu mkewe alikuwa mkunga, na beji yake ya shaba, yenye taa katikati na maandishi pembeni, ilikaa kifuani pake miaka yote ya kazi. Alipofariki, fundi alichagua ngozi ya ndama, laini kuliko zote alizowahi kushika, akaishonea beji mfuko wa kuikumbata. Hiyo aliyoienzi kuliko zote ndiyo iliyooza kuliko zote. Hapo akili yake iligota. Angekuwa mzembe, angejilaumu akapumzika. Lakini mtu anajilaumu vipi kwa kutunza?

Asubuhi moja mlango ukasukumwa.

"Hodi, mume niliyemrithi bila kuombwa!"

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshona magauni mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunisalimia au kunitukana?"

"Vyote. Nianze na kipi?"

Hakungoja jibu. Alikuwa amesikia habari za beji, akataka kuiona. Fundi alipoitoa kwenye mfuko wake wa ngozi, shemeji aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Dada yangu umemfanya nini?"

"Nimemtunza."

"Hivi ndivyo unavyotunza? Basi nashukuru hukunioa mimi." Kisha akaacha mzaha. "Nipe niende nayo. Ikibaki hapa mwaka mwingine utabaki na kifungo cha shati."

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe cha pamba, akakikunjua: beji nyingine, pacha wa ile. Mkunga alipewa beji mbili siku moja, ya kifuani na ya koti. Koti lilikwenda kwa mdogo wake. Beji ya koti ilikuwa imefifia tu, kahawia ya sarafu ya zamani, na kila herufi imesimama.

"Unaisugua na nini?" fundi aliuliza.

"Sisugui. Nani ana muda? Nimeifunga kitambaa, nikaiweka kwenye kopo kavu, basi."

Fundi alizilaza mbili juu ya meza ya kazi. Akageuza, akageuza tena. Mfuko wake ulikuwa na mdomo wazi kwa juu, na ncha ya ile taa ilichungulia nje; hapo beji ilikuwa safi. Kijani kilianza pale pale ngozi ilipoanzia. Akainua macho ukutani. Beji chache zilizoning'inia kwa pini bila kugusa ngozi zilikuwa nzima. Zilizolala juu ya ngozi zilikuwa zimeliwa.

"Ni ngozi," alisema.

"Ngozi ipi?"

"Zote. Dawa wanazozilainishia kiwandani. Na mafuta ninayozipaka mimi mwenyewe."

"Kumbe ni kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

"Si nguoni, shemeji. Nguo ndiyo iliyoiponya ya kwako."

Wakacheka, kisha fundi akasahau kucheka. Maisha yake yote aliwaambia watu ngozi hulinda. Aliichukua beji ya mkewe, akaifuta taratibu kwa kitambaa kikavu, akamkabidhi.

"Chukua."

"Lakini ugonjwa umeshaujua. Si utaiweza sasa?"

"Hata jana nilijua naiweza. Chukua. Hapana, ngoja." Akaishika tena. "Haya, chukua."

"Nichukue au nisichukue? Amua, baba!"

"Sijui, shemeji. Chukua kabla sijajua."

Shemeji akavuta kitambaa chake karibu. Akazifunga beji zote mbili, kila moja katika kunjo lake ili zisigusane. "Utakuja kuitazama," alisema kwa sauti ndogo. "Kwangu huhitaji hodi." Akaondoka.

Fundi alipanda kigoda, akaanza kuchomoa beji ukutani, moja moja, akizilaza juu ya shati lake kuukuu la pamba. Alikuwa bado juu ya kigoda mteja alipoingia na ndala zilizokatika kamba, akachagua ngozi mezani, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Fundi, hii ni nzuri? Haitaniharibia kitu?"

Swali hilo alikuwa akilijibu tangu ujana wake bila kuinua kichwa. Sasa aliinua. Akaitazama ngozi, akamtazama mteja, akaitazama tena ngozi.

"Kitu gani, mguu?" aliuliza.

"Sasa kingine nini?"

"Mguu," alisema fundi polepole, "nadhani hapana."